Maswali ya wasomaji: Yanga ilirudije baada ya kile kipigo cha Tabora?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi Mwananchi, yani shabiki wa Yanga, wa Mbagala tangu utotoni. Kijiweni kwetu ubishi wa msimu wa 2024/25 hauishi. Tulifungwa na Azam, siku chache baadae Tabora United wakatupiga tatu, kocha Gamondi akaondoka, watu wakasema Yanga ndo basi tena. Mara Desemba tukaanza kugawa nne nne na tano. Wenzangu wanasema tulikutana na vibonde tu, mimi nabisha ila hoja zinaniishia. Nini hasa kilirudisha ushindi?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu, na usikubali kabisa hiyo habari ya vibonde.

Kwanza turudi nyuma kidogo maana watu wanaikumbuka Novemba kana kwamba tatizo lilianza siku ile. Ligi tulianza kwa kushinda mechi nane mfululizo bila kuruhusu hata bao moja, rekodi tamu sana, lakini ziangalie zile za mwishomwisho. Simba Oktoba 19 tuliwafunga moja, tena Kijili alijifunga dakika za jioni. Coastal Union moja. Singida Black Stars kule Zanzibar moja. Pointi zilikuwa zinaingia ila mpira ulishakuwa mzito, tunafika mbele taratibu, mpinzani ameshajipanga, tunarudisha nyuma tunaanza upya. Ukicheza hivyo unaishi kwa bao moja, na siku ukipata tatizo dogo unaanguka. Tatizo likaja Novemba 2 pale Chamazi, uwanja wa Azam, beki wetu Bacca akala kadi nyekundu mapema kabisa, tukacheza pungufu karibu mechi nzima, Azam wakashinda 1-0. Novemba 7 Bacca yuko nje anatumikia kadi, Tabora wakatupiga 3-1. Timu ambayo haikuwa imefungwa bao lolote kwenye ligi ikala manne ndani ya wiki moja!

Sasa hapa ndo kijiwe chenu kinapokosea, na nyie Wananchi pia mkisema Ramovic, kocha aliyempokea Gamondi, alikuja na miujiza. Hakuja na miujiza. Mechi yake ya kwanza Al Hilal ya Sudan walitufunga 2-0 Uwanja wa Mkapa, kwetu, Ligi ya Mabingwa Afrika hiyo, halafu tukaenda Algiers MC Alger nao wakatupa 2-0. Kocha mpya, matokeo yaleyale. Kilichobadilika kikachukua wiki kadhaa kuonekana, nacho ni kasi. Ile "gusa, achia, twende kwao" haikutungwa kwa kujifurahisha, ilikuwa inaelezea kitu unachokiona kwa macho, mtu hakai na mpira, pasi moja mbili tumeshaingia kwao, tukiupoteza tunakaba hukohuko juu. Na wachezaji ni walewale, Diarra golini, Job na Bacca nyuma, Aucho na Mudathir katikati, Pacome, Aziz Ki, Mzize.

Matokeo unayajua: Mashujaa 3-2, Prisons 4-0, Dodoma Jiji 4-0, Fountain Gate 5-0, zote kati ya Desemba 19 na 29. Wakikwambia vibonde waulize TP Mazembe ya Congo nao ni kibonde? Januari 4 tuliwapiga 3-1, Mzize mawili, Aziz Ki moja, na wao ndo walitangulia kufunga. Wiki moja baadae tukaenda Nouakchott kucheza na Al Hilal, walikuwa wanatumia uwanja wa kule Mauritania kwa sababu ya vita ya Sudan, Aziz Ki akafunga mapema tukashinda 1-0. Ni Al Hilal walewale waliotufunga kwetu miezi miwili haijaisha. Hiyo ndo hoja yako, ipeleke kijiweni.

Na kuna nyingine kubwa zaidi. Februari Ramovic akaondoka kwenda Algeria, akaja Hamdi, kocha wa tatu msimu mmoja, timu nyingi hapo zingevurugika. Sisi tukatoka sare na JKT Tanzania kisha tukaendelea kushinda hadi mwisho, tukamaliza kwa kuwafunga watani zetu Simba 2-0 Juni 25, Pacome kwa penati na Mzize. Mechi 30, ushindi 27, sare moja, tumefungwa mbili tu na zote ni zile za Novemba. Pointi 82, Simba 78. Mimi naamini kabisa ubingwa ule ulitokana na kundi la wachezaji lililokaa pamoja muda mrefu, makocha walikuja kuliamsha.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi nataka kuuliza kuhusu Prince Dube. Mwanzoni watu walimsema sana, hata mimi nilikuwa naumia nikisoma maneno yao mitandaoni. Ilikuwaje akabadilika vile?
Dada wa Nyamagana, Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Dube alionewa. Alitoka Azam akiwa na jina kubwa, mabao ya ligi yakamgomea, na straika asipofunga hakuna anayeangalia anavyokimbia au anavyowavuta mabeki ili Pacome apate nafasi. Kwangu mimi siku iliyomfungua ni Lubumbashi, tumefungwa moja na Mazembe, dakika za nyongeza zinakatika, akasawazisha. Bao lile lilimpa pumzi. Siku tano baadae Mashujaa wakaja, akawapiga tatu peke yake, ndo ile 3-2, yani bila yeye siku ile pointi zinapotea. Na mfumo ulimsaidia pia, yeye ni mtu wa kukimbilia nafasi nyuma ya mabeki, timu ikicheza taratibu hizo nafasi hazipo, ikicheza haraka zinajaa. Kwahiyo mtu yuleyule, ila sasa mpira unamfikia wakati beki bado hajageuka.

SWALI: Chamazi ilikuwa na nuksi? Tulifungwa zote mbili pale, tukahamia KMC Complex Mwenge tukaanza kushinda.
Msomaji, Kibaha

JIBU: Hapana. Zile nane za mwanzo zisizo na bao la kufungwa nyingine zilichezwa hapohapo Chamazi. Tusiwanyime wachezaji sifa yao tukaupa uwanja.

SWALI: Assalam alaikum. Sisi huku Muscat tuliangalia ile mechi ya MC Alger mwezi wa kwanza, tulikusanyika Watanzania kibao, tukaondoka hatusemeshani. Unasemaje timu imerudi wakati tulitolewa makundi Ligi ya Mabingwa?
Msomaji, Muscat

JIBU: Waalaikum salaam ndugu yangu, pole yenu na pole yetu sote. Ile 0-0 ya Januari 18 inauma kuliko Tabora. Tulihitaji ushindi tu, Waarabu walikuja kutafuta sare na wakaipata, wakaenda robo fainali na pointi 9 sisi tukabaki na 8. Lakini angalia tulipokuwa: baada ya mechi mbili hatukuwa na pointi hata moja wala bao, halafu mechi nne zilizofuata hatukufungwa tena. Timu ilikuwa imerudi kweli, ila ilirudi ikiwa imeshachelewa. Tungepata hata sare tu na Al Hilal siku ile ya kwanza kwa Mkapa, hesabu za siku ya mwisho zingekuwa nyingine kabisa, na ndo maana mimi nikiambiwa nitaje mechi iliyotutoa Afrika msimu ule siitaji ya MC Alger, naitaja ile ya Novemba 26.