Begi la Uzazi Hufunguliwa na Mtu Mwingine

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mama anayekwenda kujifungua hospitali asikose kitu gani kwenye begi lake? Nimejifungua mara mbili, na jibu langu si kitu bali mpangilio. Wengi wetu vitu tunavyo. Shida ni kwamba vinapohitajika, havionekani.

Uzazi wa kwanza nililipanga begi kwa wiki mbili. Nguo za mtoto nilizifua na kuzikunja moja moja. Juu nikaweka zile nzuri za kurudia nyumbani, na zile nilizoziona za kawaida, kofia na taulo zikiwemo, zikaenda chini kabisa. Mtoto alipotoka, mkunga aliomba vitu viwili tu: taulo na kofia. Mume wangu alipiga magoti kando ya kitanda, anatoa hiki anarudisha kile, ananiuliza viko wapi. Kondo la nyuma lilikuwa bado halijatoka na nilikuwa natetemeka mwili mzima. Sikuweza kumjibu. Muuguzi akachukua taulo la wodi akamfunika mtoto.

Hakuna baya lililotokea, lakini dakika zile zina maana kubwa. Mtoto anazaliwa amelowa, anatoka kwenye joto la nyuzi 37 hivi na kuingia chumba ambacho kwake ni baridi, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, kwa hiyo joto humtoka upesi. Ndiyo maana hukaushwa papo hapo, akalazwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, akavishwa kofia na kufunikwa. Vitu vya dakika hizo ndivyo nilivyokuwa nimevificha mbali kuliko vyote.

Kwa hiyo uzazi wa pili nilipanga nikimfikiria yule atakayefungua, kwa sababu mama mwenyewe wakati huo hafungui kitu. Nilitumia mifuko mitatu ya plastiki inayoonyesha ndani, nikaiandika kwa herufi kubwa: LEBA, MTOTO AKITOKA, WODINI. Wa MTOTO AKITOKA ulikuwa mdogo kuliko yote na ukakaa juu: taulo mbili laini, kofia, shuka nyepesi ya kumfunikia, nepi moja, pedi mbili na chupi yangu moja. Mkunga alipoomba, mume wangu aliutoa wote akampa. Hakuna aliyeniuliza neno.

Wa LEBA hauhitaji mengi. Maji ya kunywa, mafuta ya midomo kwa sababu midomo hukauka sana kwa kuhema, kibanio cha nywele, ndala zinazovalika bila kuinama, soksi, na gauni pana linalofunguka mbele. Mikono ya gauni iwe mipana vilevile, maana kuna kupimwa presha na pengine kutundikiwa dripu.

Wodini ndiko wengi tunakokosea, na tunakosea upande wa mama. Begi linajaa vya mtoto wakati mtoto wa siku moja anahitaji nepi za kutosha, nguo chache za kubadilisha na kifua cha mama yake. Mama ndiye anayetokwa na damu. Damu ya uzazi huendelea kwa wiki kadhaa, hata sita, na siku za mwanzo ni nyingi kuliko hedhi yoyote uliyowahi kuiona. Pedi nyembamba za kila mwezi hazifai. Beba zile nene za wazazi, pakiti mbili, na chupi kubwa za pamba zenye rangi ya giza zinazopanda hadi kiunoni. Hata anayefanyiwa upasuaji hutokwa na damu hiyo, jambo ambalo mimi sikulijua mpaka nilipomwona jirani yangu wa kitanda akishangaa hana hata pedi moja. Na kwake chupi ya kiunoni ni muhimu zaidi, kwani mpira wa chupi fupi hukaa juu ya mshono.

Tukiwa hapo, dada zangu, naomba mlishike hili hata kama mengine yote mtayasahau: pedi ikilowa chapa ndani ya saa moja au chini ya hapo, au yakitoka mabonge makubwa ya damu, usibadilishe ukarudi kulala kimya. Mwite muuguzi wakati huohuo.

Nguo za wodini na za kurudia ziwe zile ulizovaa mimba ikiwa na miezi sita. Tumbo halirudi siku ileile. Mfuko wa uzazi huchukua wiki kadhaa kunywea. Kwenye mfuko huohuo weka sidiria za kunyonyeshea, dawa unazotumia kila siku na chaja yenye waya mrefu, kwa maana soketi huwa mbali na kitanda.

Kadi ya kliniki haimo katika mfuko wowote kati ya hiyo. Ikae kwenye mkoba unaotembea nao kila siku, kwa sababu uchungu unaweza kukukuta popote. Nyuma ya kadi yangu nilibana karatasi yenye majina ya dawa ninazotumia, dawa inayonidhuru, na kundi langu la damu. Mimi ni resasi hasi (Rh-, ile alama ya kutoa inayoandikwa baada ya kundi la damu), na mama wa aina hiyo akizaa mtoto mwenye resasi chanya (Rh+) anahitaji sindano ya kulinda mimba zijazo ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Sikutaka jambo kama hilo litegemee kumbukumbu ya mtu aliye kwenye uchungu.

Vya kuacha nyumbani: pete na bangili, kwa kuwa vidole huvimba, na rangi ya kucha uitoe, maana kidole ndicho huwekwa kifaa cha kupima oksijeni. Chupa na maziwa ya kopo pia viacheni, isipokuwa daktari amewaelekeza. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, huonekana kidogo sana na mama hupatwa na hofu, lakini tumbo la mtoto nalo ni dogo, na akianza kunyonya ndani ya saa ya kwanza huwa amepata mwanzo mzuri.

Hospitali hazifanani, nyingine hutoa vitu ambavyo nyingine hutaka uje navyo. Uliza kliniki mapema, nao watakupa orodha yao. Kisha begi liwe tayari mimba ikifika wiki ya 34, au mapema zaidi ukiwa na mapacha au presha. Duniani takriban mtoto mmoja katika kila kumi huzaliwa kabla ya wiki ya 37, na hao hawamsubiri mtu amalize kufunga.

Ukishalifunga, mwite yule atakayekusindikiza. Kaa kitandani, mwambie akutolee kofia ya mtoto, kisha pedi, bila wewe kumwelekeza. Asipoviona, mwageni vyote chini, na safari hii apange yeye.