Nilibeba mkoba wa dada

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Matembezi ya hisani ya saratani ya matiti humsaidia nani hasa?" Nadhani wengi watajibu kwamba humsaidia mgonjwa. Mimi nimeyatembea mara tatu na dada yangu, na sitazunguka: mara ya kwanza yalinisaidia mimi.

Anayeuguza hukaa na mikono mitupu. Dada alipofanyiwa upasuaji nilikaa kwenye benchi. Kwenye dawa za kemo, mizunguko sita, nilishika mkoba. Kwenye mionzi nilisoma mabango ya ukutani hadi nikayajua kwa kichwa, pamoja na makosa yake ya tahajia. Mle ndani kila mtu ana la kufanya, na mgonjwa ndiye mwenye kazi nzito kuliko wote. Ndugu yake kazi yake ni kuuliza "Nikuletee maji?" mara ishirini kwa siku hadi afukuzwe. Kwa hiyo siku niliyopewa karatasi ya kuandikia ahadi za michango, niliipokea kama kibarua aliyekaa msimu mzima bila jembe. Kilomita tano, tarehe fulani, mistari thelathini ya kujaza majina. Hatimaye kazi inayohesabika!

Niliwapigia simu watu ambao hatukuwa tumesemezana kwa miaka. Wengine walitoa kidogo, lakini kabla ya kukata simu wakanieleza habari za mama zao na shangazi zao, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia ingawa tulikuwa tumekula na kulala nyumba moja. Kumbe kila mtu alikuwa na mgonjwa wake kabatini.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba hata chanzo cha jambo lenyewe ni ndugu aliyeachwa. Susan Komen, Mmarekani, alifariki kwa saratani ya matiti mwaka 1980 akiwa na miaka 36. Mdogo wake, Nancy Brinker, alikuwa amemwahidi kwamba hatakaa kimya. Mwaka 1982 akaanzisha taasisi yenye jina la dada yake, na mwaka 1983 mbio zao za kwanza zikafanyika Dallas, wakajitokeza wanawake 800. Uingereza nako Race for Life, mbio na matembezi yao ya hisani ya saratani, ilianza mwaka 1994 katika bustani ya Battersea, London, na wanawake 680. Hiyo ya Uingereza ilikuwa ya wanawake peke yao hadi mwaka 2019 ndipo wanaume nao wakaruhusiwa. Nilipomsomea shemeji habari hiyo aliguna tu: "Yaani ningesimama pembeni robo karne nzima nikishika makoti." Naye ndiye aliyekuwa akiamka usiku kubadilisha mashuka yaliyolowa jasho la dawa.

Dada mwenyewe hakutaka kwenda. "Mimi si ubao wa matangazo," alisema, nami nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshachukua ahadi za watu kwa jina lake bila kumwuliza. Hilo nalikiri hapa kwa mara ya kwanza. Akakubali kwa shingo upande, na sharti lake likawa moja: hakuna picha.

Asubuhi ile tukapewa namba za kifuani, kila moja na pini nne. Fulana yake ilikuwa imelegea upande wa kushoto alikotolewa titi, na mimi nikasimama mbele yake na pini mdomoni nisijue pa kuanzia. Akanitazama, akacheka. "Bandika huku, mdogo wangu. Huku ndiko kuliko na uwanja." Nikabandika. Chini ya namba palikuwa na mstari mtupu ulioandikwa "Natembea kwa ajili ya…" Wengine walijaza majina ya mama zao, wengine mioyo midogo. Yeye akaandika "magoti yangu".

Alikuwa amevaa titi bandia la silikoni ndani ya sidiria. Kitu kile ukikitazama dukani huwezi kujua kwamba kina uzito wa kumchosha mtu, wala kwamba ngozi chini yake hutoka jasho kama mtu aliyejifunika blanketi mchana. Kilomita ya pili haijaisha akanivuta nyuma ya mti, akaingiza mkono, akalitoa na kunipa. "Mshike huyu. Ananimaliza." Lilikuwa la moto kiganjani. Nililitia kwenye mkoba, katikati ya chupa ya maji na karatasi ya michango, na tangu hapo tukamwita Huyu.

Kisha ukaja mkono. Pamoja na titi, walimtoa tezi za kwapani, na tangu wakati huo mkono wa kushoto huvimba. Ukining'inia kwa muda mrefu, vidole huwa vinene hadi ngozi inang'aa. Siku ile kitambaa cha kubana mkono alikisahau nyumbani, basi akaupandisha mkono na kuuegemeza begani kwangu. Mkono wa mtu ukiwa begani mwako huwezi kumtangulia. Nikiongeza mwendo ananibonyeza. Nikipunguza ananisukuma. Miezi yote ya hospitali mimi ndiye niliyekuwa mbele kwenye korido, nikitafuta mlango, nikimjibu daktari swali aliloulizwa yeye. Daktari akiuliza "Unasikia maumivu?" mimi nasema "Usiku zaidi." Barabarani siku ile hakuna aliyeniuliza chochote. Tulipitwa na wamama wenye vigari vya watoto, tukapitwa na mzee mwenye fimbo, dada akasema mwendo ni huu huu.

Kuna watu walituonya kabla, tena kwa nia njema, kwamba aliyetolewa tezi asijitaabishe. Ushauri huo ulikuwa wa kawaida zamani. Mwaka 1996 daktari wa michezo wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Don McKenzie, aliwapandisha wanawake 24 waliokwisha kutibiwa saratani ya matiti kwenye mtumbwi mrefu wa kupigwa makasia, ule unaoitwa wa joka, huko Vancouver, Kanada. Kasia ni kazi ya mikono na mabega, ndiyo hasa waliyokatazwa. Msimu ukaisha na hakuna aliyepata uvimbe mpya wa mkono. Tangu hapo maneno ya madaktari yakaanza kubadilika, na leo mtaalamu wa viungo humwambia dada afanye mazoezi pole pole, ila afanye. Wapo wenye nguvu zao wanaotembea maili 60 kwa siku tatu huko Marekani, karibu kilomita 97. Sisi tano zilitutosha na chenji ikabaki.

Sasa nije kwa asiyesaidiwa, maana naye yumo katika swali lenu.

Kwenye meza ya usajili fulana zilikuwa za aina mbili: za waridi kwa manusura, nyeupe kwa wasindikizaji. Nyuma yetu kwenye foleni alikuwa mama mmoja aliyezoeana na dada kwenye viti vya kemo. Yake ilikuwa imeshafika kwenye mifupa, hatua ya nne, na matibabu ya hatua hiyo hayana siku ya kupigiwa kengele kwamba yamekwisha. Unaishi nayo, dawa moja ikichoka unapewa nyingine. Kijana wa kujitolea akamwuliza kwa adabu zote: "Mama, ulimaliza matibabu lini?"

"Sijamaliza."

"Utamaliza lini?"

"Nikifa, mwanangu."

Kijana akabaki na fulana mbili mikononi. Mwishowe akamnyooshea nyeupe. Mama akaivaa, akatembea kama msindikizaji wa ugonjwa wake mwenyewe. Kwenye jukwaa mshereheshaji akawaita manusura kwa miaka yao: wa mwaka mmoja wapunge mkono, wa mitano, wa kumi, wa ishirini, na makofi yakapanda kadiri miaka ilivyopanda. Nilimwangalia. Alikuwa akipiga makofi kwa bidii kuliko sisi. Mwaka uliofuata jina lake lilikuwa kwenye vifua vya binti zake wawili, pale kwenye mstari mtupu.

Simlaumu kijana. Alipewa fulana za rangi mbili na watu wa namna tatu. Lakini waandaaji wanaojua kupanga hema, spika na magari ya wagonjwa hawawezi kushindwa kukumbuka kwamba saratani ya matiti huua. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wanawake milioni 2.3 waliogundulika nayo mwaka 2022, na vifo 670,000 mwaka huo huo. Matembezi yanayomwimbia aliyepona peke yake yanawaficha hawa.

Kuhusu fedha nitasema machache. Mwandaaji aulizwe, kabla hujachukua ahadi ya mtu hata mmoja: zikishatolewa gharama za fulana, jukwaa na muziki, kinachobaki kinakwenda wapi? Jibu likiwa "kuhamasisha umma", uliza tena. Dada hakukosa uhamasishaji. Uvimbe aliugusa mwenyewe akioga, na wiki hiyo hiyo akaenda kuonwa. Akaambiwa ni mambo ya homoni, arudi baada ya miezi mitatu. Akarudi. Kipimo cha kutoa kinyama kikasubiri, majibu nayo yakasubiri, na toka bafuni hadi jibu ilipita miezi mitano. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, linataka mtu apate jibu ndani ya siku 60 tangu alipokwenda mara ya kwanza, na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wayamalize matibabu yao. Takwimu za shirika hilo hilo zinasema wanaofikisha miaka mitano baada ya kugundulika ni zaidi ya asilimia 90 katika nchi tajiri, asilimia 66 India na asilimia 40 Afrika Kusini. Titi ni lile lile. Kinachotofautiana ni siku za kusubiri na dawa inayopatikana au isiyopatikana. Kwa hiyo mimi michango yangu sasa naipeleka kwa wanaolipia vipimo na nauli za wagonjwa, na kama matembezi hayafanyi hivyo natembea bure bila kumwomba mtu.

Nitupie na la utepe wa waridi, ile alama ya saratani ya matiti inayobandikwa kifuani. Kabla ya waridi kulikuwa na utepe wa rangi ya pichi, chungwa lililopauka, uliotengenezwa nyumbani na Charlotte Haley wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kila utepe aliufunga kwenye kadi iliyolalamika kwamba taasisi ya taifa ya saratani ilikuwa ikitumia asilimia 5 tu ya bajeti yake kwenye kinga. Jarida la Self na kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder walipotaka kushirikiana naye alikataa, akihofia biashara. Wakabadilisha rangi, na mwaka 1992 waridi ikatoka bila kadi. Mimi utepe navaa, lakini ile kadi ndiyo naona ilipotea.

Mwaka jana dada aliomba yeye ndiye akae kwenye meza ya fulana. Waandaaji wakafurahi, maana hakuna anayeipenda meza ile, foleni ni ndefu na watu hawajanywa chai. Nilisimama kando nikimsikiliza. Watu walimfikia na kuanza kujieleza, nilimaliza mwezi wa tatu, mimi ni mume wa fulani, mimi bado nimo kwenye dawa. Yeye alikuwa na swali moja tu: "Saizi gani?" Rangi walichagua wenyewe. Waridi ziliisha mapema, na wanaume wawili wakubwa wakaondoka wamezivaa.

Tulipofunga meza, kila mtu alikuwa ameshaondoka, hata mzee mwenye fimbo. Tukaanza wa mwisho kabisa. Dada akaweka mkono begani kwangu, mimi nikautupa mkoba mgongoni, nikauona mzito.

"Huyu yumo?"

"Tangu nyumbani," akasema. "Twende, na usikimbie."