Ndege wapo Mtwara, wewe unakwenda saa mbaya

Kijana mmoja wa hapa mjini ameniandikia: "Kaka, nimekaa Msimbati toka asubuhi mpaka adhuhuri na darubini yangu, nimeambulia kunguru. Hao ndege wa Ulaya unaowasimulia kila Oktoba wako wapi?" Nimecheka, lakini namjibu hapa kwa sababu najua mko wengi mnaoitamani kazi hii ya kuongoza wageni.

Mdogo wangu, uliangalia maji? Darubini ya 8x42, yaani ya kukuza mara nane, inatosha kabisa, usihadaike na zile za barabarani zinazojisifu kukuza mara hamsini. Ila bahari ikishakupwa hakuna darubini itakayokuokoa. Ndege wa pwani, chamchanga na sululu, hutawanyika matopeni kufuata kaa na minyoo, unaona vidoa tu mbali kule. Maji yakijaa yanawasukuma, wanarudi wenyewe mpaka ulipokaa. Na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne. Wewe saa nne ulikuwa Msimbati umekodoa macho.

Ndiyo maana siku kama hizo mimi huanzia bara. Jumamosi iliyopita nilikuwa na wageni, na jua lilitukuta kwenye majaruba ya mpunga Kitere. Yangeyange walikuwa tele, hao hata kwenu wapo. Tuliyemfuata ni keremkerem wa Ulaya, ambaye utamsikia juu angani kabla hujamwona. Mmoja akatua kwenye tawi kavu la mkorosho, nyuki mdomoni. Akambamiza tawini, akambamiza tena, kisha akawa anamsugua tumbo kwenye gome mpaka mwiba ukatoka, ndipo akammeza. Mgeni wangu, na kamera yake ya mamilioni, alisahau kupiga picha.

Mchana siusimulii, ni jua na vumbi.

Alasiri tukashuka Mikindani, ukingoni mwa mikoko, maji yakipanda. Hapo ndipo nilipokula raha zangu. Chamchanga mwenye mdomo uliopinda kwenda juu, miguu ya rangi ya chungwa, alikuwa akikimbia ameinama kufukuza kaa wadogo. Huyo katoka Urusi. Wengine wametoka Siberia, kaskazini kabisa, wanakozaliana wakati sisi tuko kwenye kipupwe. Nyuma yao akasimama yule mkubwa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa, ambaye hutaga ndani ya mashimo anayochimba mchangani huko Uarabuni. Wageni walishikana mikono. Mimi nilijifanya nimezoea.

Sikuzoea. Miaka ya nyuma niliomba kazi kwenye kampuni moja ya utalii, jina lake nalimeza. Bwana aliyenihoji akaniambia kusini kuna korosho na gesi, ndege wako Manyara. Hakufungua hata daftari langu. Bado linaniuma, sifichi, na sitaki likukute wewe.

Basi jifunze maji. Huhitaji chuo: muulize mama anayeokota chaza, atakwambia kesho yanajaa saa ngapi bila kutazama simu, maana anajua kila siku yanachelewa karibu saa nzima. Vijana wetu tunaona aibu kuwauliza wazazi wetu, halafu tunamlipa mtu wa Arusha atufundishe bahari yetu wenyewe! Tuache hayo. Andika kila unachokiona, tarehe na hali ya maji. Jifunze maji, narudia.

Halafu adabu. Huu ni msimu wa korosho, usiingie shamba la mtu na darubini bila hodi. Mimi nimeshaulizwa kama nimekuja kupima viwanja vya gesi. Ukienda upande wa Ruvuma, pitia kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, ule ni mpaka. Na Msimbati iko ndani ya hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, kwa hiyo mgeni wako umweleze kiingilio mapema, asije akadhani unamlia hela.

Kampuni ile, kwa taarifa yenu, imenitafuta juzi. Wanataka niwaonyeshe yule mla kaa anasimama wapi. Nimewatumia bei.