Mahindi, mabua na ulanzi: maswali ya wasomaji kuhusu molekuli za uhai

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa mahindi na maharage hapa Uyole, Mbeya. Binti yangu wa kidato cha tatu alipokuja likizo aliniambia mambo mawili yaliyonishinda kuelewa. Kwanza, alisema kuwa unga tunaosongea ugali na mabua tunayowalisha ng'ombe vimejengwa kwa sukari ya aina moja. Sasa mbona mtu hawezi kushiba mabua? Pili, alisema mbolea ya urea tunayokuzia mahindi ni kemikali ya oganiki, ilhali sisi wakulima tunajua kuwa mbolea ya oganiki ni samadi na mboji. Naomba mtusuluhishe.
Mama mkulima, Uyole

JIBU: Mama yetu wa Uyole, binti yako amesema kweli katika yote mawili, na wewe hukukosea kuhusu samadi, kwa kuwa neno oganiki limebeba maana mbili. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 wanakemia wengi wa Ulaya waliamini kwamba vitu vinavyopatikana katika miili ya viumbe hai, kama vile sukari, mafuta na urea iliyomo kwenye mkojo, haviwezi kutengenezwa na mikono ya binadamu, kwa sababu vinahitaji nguvu ya pekee iliyomo ndani ya uhai wenyewe. Vitu hivyo ndivyo walivyoviita vya oganiki. Mwaka 1828 mwanakemia Mjerumani Friedrich Wöhler alitangaza kwamba ameipata urea katika maabara, bila kuhitaji figo ya mnyama yeyote. Imani ile ikafifia polepole, na kwa wanakemia neno oganiki likabaki kuwa jina la molekuli zilizojengwa juu ya kaboni, isipokuwa chache sana kama kaboni dioksidi. Molekuli ya urea ina atomu moja ya kaboni, moja ya oksijeni, mbili za nitrojeni na nne za hidrojeni. Kwa hiyo imo katika ukoo huo hata inapotoka kiwandani. Wakulima wa kilimo hai hulitumia neno lilelile kueleza mbolea imepatikana vipi, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Kaboni imepewa nafasi hiyo kwa sababu atomu yake moja hushikana na nyingine hadi nne kwa wakati mmoja, zikiwemo za kaboni wenzake, na hivyo inaweza kuunda minyororo mirefu, matawi na pete ambazo hazivunjiki ovyo. Hapo ndipo tunapolifikia swali lako la mabua.

Jani la muhindi huchukua kaboni dioksidi hewani na maji kutoka mizizini, na kwa nguvu ya jua hutengeneza glukosi, sukari yenye kaboni 6, hidrojeni 12 na oksijeni 6. Glukosi hiyo mmea huitumia kwa kazi mbili kubwa. Ile ya akiba huungwa kuwa wanga na kuwekwa ndani ya punje. Ile ya kujengea huungwa kuwa selulosi, ambayo ndiyo ukuta wa kila seli ya bua. Tofauti ya wanga na selulosi iko kwenye kiungo tu. Katika wanga, glukosi zote zimeelekea upande mmoja, na kwa sababu hiyo mnyororo hujipinda kama springi na kuacha nafasi ambamo maji na vimeng'enya, yaani protini za mwili zinazokata chakula, huingia kwa urahisi. Katika selulosi, kila glukosi imegeuzwa juu chini ikilinganishwa na jirani yake, na mnyororo ukanyooka. Minyororo mingi iliyonyooka ikilala bega kwa bega hubanana mithili ya mzigo wa kuni uliokazwa kamba, hata maji yenyewe hayapenyi.

Mate yetu yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, kinachokitambua kiungo cha wanga na kukikata. Tafuna kipande cha kiazi mviringo kilichochemshwa, usikimeze kwa dakika mbili hivi, nawe utaanza kuonja utamu ambao haukuwepo mwanzoni. Kiungo cha selulosi, kwa upande wake, mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kukikata, na ndiyo maana mabua yangepita tumboni mwetu bila kutupa chochote cha maana. Hata ng'ombe hana kimeng'enya hicho. Wanaokata ni bakteria na vijidudu wengine waliomo katika tumbo lake kubwa, ambao huila ile glukosi wao wenyewe na kumwachia ng'ombe asidi ndogo ndogo, mojawapo ikiwa ni ileile ya siki. Ni kwa asidi hizo ng'ombe wako huishi na kukupa maziwa. Kila nikimtazama ng'ombe akicheua, jambo hili hunistaajabisha upya.

Umetaja pia maharage, nami nisingependa kuyaacha. Protini yake imejengwa kwa asidi amino, ambazo ziko aina 20, na hapa mpangilio una uzito kuliko hata katika sukari. Mnyororo mmoja wa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, uitwao beta, una asidi amino 146. Ile ya sita ikibadilishwa, valini ikakaa mahali pa asidi glutamiki, na mtu akarithi badiliko hilo kutoka kwa baba na mama, huzaliwa na ugonjwa wa selimundu. Miili yetu haiwezi kutengeneza asidi amino zote, kwa hiyo baadhi ni lazima tuzile. Mahindi yana upungufu wa lisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi, nayo maharage yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo ya kutosha. Sufuria ya makande huzikutanisha zote mbili. Naona ni hasara kwamba shuleni watoto hukariri "vyakula vya kutia nguvu" na "vyakula vya kujenga mwili" kana kwamba ni makabati mawili yaliyofungwa, ilhali hata maharage yenyewe yana wanga mwingi kuliko protini.

SWALI: Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unaogemwa asubuhi ni mtamu, kesho yake ni mkali, na ukikaa zaidi unakuwa mchachu usionyweka. Ni nini kinachobadilika ndani yake?
Msomaji, Iringa

JIBU: Zinazobadilika ni sukari. Utomvu wa mwanzi unaodondoka kwenye mbeta, chombo cha mwanzi cha kugemea, una sukari ambazo kimsingi ni glukosi na fruktosi, zikiwa moja moja au zimeungana mbili mbili, na huo ndio utamu wa mtogwa, yaani ulanzi mbichi. Hamira za asili zilizomo hewani na katika mbeta yenyewe huigawanya kila molekuli ya glukosi kuwa molekuli mbili za alkoholi na mbili za kaboni dioksidi. Ukihesabu, utaona kwamba hakuna kaboni iliyopotea: alkoholi ina kaboni mbili, gesi ina moja, na zote kwa pamoja ni sita kama mwanzo. Gesi ndiyo hilo povu, na alkoholi ndiyo ukali wa mkangafu, yaani ulanzi uliokwisha kuwa mkali. Baadaye bakteria wengine, ambao ni lazima wapate oksijeni, huigeuza alkoholi kuwa asidi ya siki, na uchachu unashika. Mbeta nayo imejengwa kwa glukosi, lakini kwa kuwa ni ya selulosi, hamira hawaigusi.

Kwa kuwa bakteria wa siki wanategemea hewa, chombo kilichojazwa hadi juu huchelewa kuchachuka kuliko kilichobaki nusu. Hata hivyo usikikaze kifuniko, kwa sababu kaboni dioksidi ikikosa njia ya kutokea inaweza kukipasua.