Mazuku hainuki

Mtoto wa Goma, huku mashariki ya Kongo, hahitaji kufundishwa kuogopa hewa. Tangu mdogo unaambiwa usishuke kwenye mashimo ya upande wa Keshero alfajiri, kabla upepo haujaamka, maana mazuku, ile hewa nzito ya kuua inayotoka ardhini, inalala humo. Mbuzi anashuka kula majani, hapandi tena. Ujuzi huo wa nyumbani ndio uliokaribia kutuua watu watano siku moja, nami nawaandikia wenzangu mnaoitwa kukagua nyumba kabla hazijapangishwa au kuuzwa.

Mimi ni fundi mwashi. Ukaguzi ulinijia tu baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021. Mitetemeko iliyofuata ilipasua kuta mji mzima, na watu wakawa hawatoi garanti (amana) ya nyumba mpaka fundi apite kuangalia nyufa. Nikawa yule fundi. Nilijua kuta, msingi na bati. Gesi sikuiwazia kabisa, ingawa siku hizi nakuta bombone, yaani mtungi wa gesi, kwenye majiko mengi, hasa ya watu wa mishahara waliochoka na bei ya makala. (Ndiyo, msomaji wa Dar, huku makala ni yale meusi ya kupikia. Hii unayosoma ni makala ya aina nyingine.)

Basi nilikwenda Keshero na muuguzi mmoja aliyekuwa akitafuta nyumba, pamoja na mtoto wake na komisioneri, yaani dalali wake. Mwenye nyumba, mzee wa heshima zake, alitupokea mwenyewe. Parsele (kiwanja) inateremka kuelekea ziwani, kwa hiyo jiko liko chini kuliko sebule, unashuka ngazi tatu. Kwenye ngazi ya pili harufu ikanipiga puani, kama kitunguu kilichooza ndani ya gunia. Jiko lilikuwa giza. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye swichi ya taa.

Sijui ni nini kilichousimamisha. Ningependa kusema ni utaalamu, lakini nadhani ni yule mzee aliyenigusa bega. Akasema, "Fundi, usisumbuke na taa. Hiyo ni mazuku tu, ngoja nilete mshumaa tuipime."

Wenyeji mnajua kipimo chenyewe: unashusha mshumaa unaowaka polepole kuelekea chini, ukizimika ghafla, hapo pana mazuku, toka. Kwa mazuku ni akili nzuri. Mazuku sehemu kubwa ni hewa ya ukaa, inazima moto na inamzima mtu vilevile. Ila mazuku haina harufu. Ndiyo sababu inaua watu usingizini. Gesi ya bombone nayo kwa asili haina harufu, ule uvundo wanautia makusudi kiwandani ili pua yako ikuamshe. Kwa hiyo ukinusa kitu, hicho si mazuku, na mshumaa ndio kitu cha mwisho unachotaka humo ndani. Gesi ikifika kama sehemu mbili katika mia ya hewa ya chumba, inatosha kushika moto.

Nilimwambia, "Papa, mazuku hainuki. Tutoke wote, tusiguse kitu." Alinitazama kama mtu aliyedharauliwa kwake. Komisioneri akacheka. Hapo ndipo ilipo sehemu ngumu ya kazi hii, wala si ya kiufundi: una dakika moja ya kuonekana mjinga mbele ya mteja wako, na lazima uikubali. Sikueleza wala kubishana. Nilimshika mzee mkono kama mkwe wangu, nikapanda naye zile ngazi, muuguzi na mtoto wake wakiwa mbele.

Kosa ninaloliona kwa wakaguzi wengi, nami nilikuwa nalo, ni kutaka kujua gesi inatokea wapi. Tumeitwa kutafuta kasoro, basi pua zetu zinatupeleka kwenye kasoro. Acha. Kutafuta kunakuja baadaye, na pengine si kazi yako kabisa. Kitu cha kwanza ni watu watoke, milango ibaki wazi nyuma yao, swichi zibaki zilivyo. Taa iliyowaka iendelee kuwaka, iliyozimwa ibaki imezimwa, kwa sababu kuwasha na kuzima vyote vinatoa cheche. Simu isipigwe humo ndani, tochi ya simu pia isiwashwe. Na usikae ukijiambia harufu imepungua: pua huchoka haraka, baada ya dakika chache unakuwa humo bila kusikia kitu. Jikoni kwa mzee kulikuwa na friji, nayo hujiwasha yenyewe inapotaka, haikuombi ruhusa.

Tulipofika nje ndipo kumjua mazuku kulipotufaa. Gesi ya bombone ni propani na butani. Propani ina uzito karibu sawasawa na hewa ya mazuku, kama mara moja na nusu ya hewa tunayopumua, na butani inakaribia mara mbili. Kwa hiyo usiniulize gesi inakwenda wapi, jiulize mazuku ingekwenda wapi. Inashuka. Inafuata mteremko, inaingia mferejini, kwenye shimo la choo, kwenye mipasuko ya mawe ya lava. Nilitazama chini ya mteremko, nikaona moshi. Jirani alikuwa anapika maharage kwenye babula (jiko la makala) nyuma ya ukuta wa mawe yaliyopangwa bila simenti, yenye matundu unayoweza kupitisha mkono.

Hilo silioni kwenye video za intaneti zinazofundisha wakaguzi wa Marekani. Kule gesi inakuja kwa bomba chini ya barabara, ni methani, nyepesi kuliko hewa, inapanda darini. Mkaguzi anatoa watu, anasimama mbali, anapigia kampuni ya gesi, kazi yake imekwisha. Sisi methani yetu imelala chini ya Ziwa Kivu, na ng'ambo Rwanda wanaitoa na kuifanya umeme, lakini bomba la kuileta jikoni Keshero halipo, wala kampuni ya bomba ya kupigia. Gesi yetu ni ya bombone, ni nzito, kwa hiyo kufungua dirisha la juu peke yake hakutusaidii sana. Mlango wa chini ndio unaotoa gesi, na jirani wa chini ndiye wa kuambiwa kwanza.

Nilipitia barabarani, si kando ya ule ukuta, nikampigia hodi kwa sauti. "Mama, samahani, gesi inavuja kwa jirani yako hapo juu. Tusaidiane tuhamishe babula upande wa barabara." Harufu ilikuwa haijafika kwake, ndiyo maana nilithubutu kugusa moto. Ingekuwa imeshafika ningemtoa yeye na watoto, maharage yaungue. Hakuniuliza swali hata moja. Alishika sikio moja la babula kwa kitenge, mimi la pili.

Mzee aliniuliza kwa nini nisiingie nikafunge robine (valvu) ya bombone, jambo la sekunde tano. Ni swali la haki. Bombone ikiwa karibu na mlango wa nje, unaiona, hakuna moto, na harufu si kali, nyoosha mkono ufunge, basi. Yake ilikuwa pembeni kabisa, chini ya meza ya zege, sehemu ya chini kuliko zote jikoni. Sikwenda. Tuliufungua kwa nje mlango wa jikoni unaotazama ua, tukauwekea jiwe. Umeme tuliukata kwenye mita iliyoko ukutani karibu na geti, mbali na jiko, upande wa juu wa mteremko. Ingekuwa ndani ya korido nisingeigusa. Shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa, alikuja kusimama getini ili mtu asipite na sigara. Kisha tukakaa tukingoja upepo wa ziwani ufanye kazi yake, zaidi ya saa moja, mzee akinisimulia stesheni ya mafuta iliyolipuka mjini Januari 2002, siku chache baada ya lava, watu wakiwa wanachota mafuta.

Muuzaji wa bombone ndiye aliyeingia kwanza, nikiwa nyuma yake. Alifunga robine, akaitoa nje ikiwa wima, akaiweka mahali pa juu penye upepo. Tundu tulilipata kwa povu la sabuni: mpira wa gesi, pale unapoingia kwenye detandere (regulata), haukuwa na kolye, yaani pete ya chuma ya kuubana. Ulifungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, umezungushwa mara nne na kukazwa vizuri kwa kweli, kazi ya mtu mwenye subira.

Jioni komisioneri alinipigia. Alitaka ripoti iseme tu kwamba jiko "linahitaji marekebisho madogo". Niliandika saa niliyonusa, mahali nilipokuwa nimesimama, watu niliowaambia, na kwamba sikumaliza ukaguzi. Sikuandika kwamba bombone ni mbovu, kwa sababu haikuwa mbovu, wala kwamba mzee ni mzembe. Andika ulichokinusa na ulichokiona, na mwenye nyumba apate nakala yake siku hiyohiyo, atie sahihi. Komisioneri yule hajanipa kazi tena.

Siku ya tatu mzee aliniita mwenyewe. Mpira mpya, kolye mbili, na bombone imehamishwa nje kwenye kibanda chenye matundu chini. Nilipaka povu kila kiungo, halikutoa hata kiputo kimoja. Ndipo nikapanda zile ngazi tatu kwenda sebuleni, kuangalia ufa nilioitiwa.