Video ya harusi inatoa sauti tu picha hamna, ninunue kiboksi gani?

SWALI: Habari kaka, nina TV ya inchi 40, smart ya mwaka 2014. Flashi inasoma ila video ya harusi ya mdogo wangu aliyotuletea mpiga picha inatoa sauti tu, kioo cheusi. YouTube nayo ilishakufa siku nyingi humo. Kuna duka wananipa kiboksi cha Android kimeandikwa 8K na bei yake ni chee, wanasema nitaona filamu zote bure. Intaneti yangu ni bando la simu. Nichukue? Msomaji, Mwanza

JIBU: Nzuri dada, na hongereni kwa harusi. Hicho cha filamu bure kiache hukohuko dukani. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, ni mtandao wa wahalifu unaotumia viboksi vya Android visivyo na cheti cha Google, na vingi vinatoka kiwandani na virusi tayari ndani, ukishakiwasha watu usiowajua wanapitisha mambo yao kwenye intaneti yako, na wewe unayetumia bando ndo utaumia zaidi maana linaliwa hata ukiwa umelala. Wakikwambia zima Play Protect (ulinzi wa Google dhidi ya virusi) kwanza ndo kifanye kazi, ondoka. Na hiyo 8K ni stika tu, Netflix kwenye kiboksi kisicho na cheti chao inakupa picha hafifu.

Sasa harusi. Sauti ipo picha hamna, mara nyingi maana yake video imebanwa kwa H.265, mfumo uliopitishwa 2013, TV za umri wa hiyo yako nyingi haziujui. Chomeka flashi kwenye kompyuta yenye VLC, ile programu ya kuchezea video, icheze, bonyeza Ctrl na J, utaona imeandikwa H264 au HEVC. Ikiwa HEVC, ndo hiyohiyo H.265, mwambie mpiga picha akutolee kopi ya H.264, hapo mara nyingi TV yako itacheza bila kununua kitu. Ila faili likizidi GB 4 na flashi yako imepangwa kwa mfumo wa FAT32 litagoma kuingia, sio flashi mbovu, mwambie akukatie vipande viwili, kwa mfano ukumbini peke yake.

YouTube ndo inahitaji kiboksi kweli. Mimi ningechukua Xiaomi TV Box S 2nd Gen, ina Google TV yenyewe, Netflix ya halali, H.265 inacheza na ina tundu la USB la kawaida. Hilo tundu usilipuuze, vile vidogo vya kuchomeka nyuma ya TV vingi havina, utaanza kuhangaika na waya za kuunganisha. Nenda na flashi yako yenye hiyo harusi, waambie waiwashe hapohapo, weka VLC, cheza mpaka uone bibi harusi anaingia na picha haikatikati, ndo utoe hela.

Bando nalo: Netflix kwa HD inakula mpaka GB 3 kwa saa, yaani GB 10 haifiki saa nne. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako ushushe ubora, na YouTube weka 480p, kwenye inchi 40 ukikaa kochi la mbali kidogo inaangalika vizuri tu.