Kabla hujamwita mama yake

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha watoto wenye mahitaji maalumu, nilikuwa na mvulana wa miaka saba mwenye usonji (autism). Kila siku saa ya kuondoka nilimvizia mama yake mlangoni na habari zangu: leo amepiga mayowe, leo amemng'ata mwenzake, leo kalamu hakuigusa. Nilidhani ndiyo kazi, mzazi lazima apewe taarifa. Mwezi haukwisha, mama akaacha kuja. Akawa anakuja dada wa mtoto, binti wa miaka kumi na moja hivi. Ananiamkia, anamshika mdogo wake mkono, wanatokomea kabla sijafungua mdomo. Nikasema moyoni, huyu mzazi hajali. Nilichelewa mno kuelewa kwamba aliyekuwa akikimbiwa ni mimi.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu unayeanza, nakuomba uanzie hapo. Tamko la Salamanca la mwaka 1994, la kimataifa kuhusu elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, lilizitaka shule za kawaida ziwapokee watoto wote, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 ukaiweka elimu jumuishi kuwa haki, katika kifungu cha 24. Karatasi ziko safi. Lakini mzazi anayekuja kwako huenda amekwisha kugeuzwa milangoni mara mbili tatu, tena kwa ustaarabu kabisa: nafasi zimejaa, labda mjaribu kwingine. Huenda ndugu zake wamemwuliza alimkosea nani. Anapoona jina la shule kwenye simu, moyo unamdunda kabla hajapokea. Usiwe mtu wa kumpigia ukiwa na mabaya tu.

Siku hizi nampigia mzazi mpya wiki ya kwanza, mtoto hajavunja kitu, nikiwa na maswali matatu au manne. Akifurahi mnajuaje? Akichoka anafanyaje? Kitu gani hakivumilii? Nyumbani mnamtulizaje? Jibu la dakika tano limewahi kuniokolea muhula mzima.

Na tabia ikikutisha, andika. Daftari la kawaida linatosha, safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Andika macho yalichoona, si hukumu. "Alikuwa mkorofi" haisaidii mtu. "Saa nne kasoro dakika tano, wenzake wanasimama kwenda mapumziko, akaziba masikio, akamng'ata aliyekuwa jirani" inasaidia. Mimi niliandika habari za yule mvulana siku kumi, na siku nane kati ya hizo kilichotangulia kilikuwa kilekile: viti kuburutwa sakafuni. Darasa zima linainuka, vyuma vinalia kwenye saruji, na yeye masikio yake yanaipokea sauti ile kama sisi tunavyopokea kijiko kikikwaruza sahani, mara ishirini na sita kwa pamoja. Aliyekuwa karibu aling'atwa kwa sababu alikuwa karibu, basi.

Halafu kuna lugha. Sisi walimu tunasema kwa mafumbo bila kujijua. Nilimwambia mtoto mmoja "shika adabu", akatazama mezani, akatazama chini, anaitafuta aishike. "Kaa vizuri" nayo ni hewa. "Weka miguu chini" anaielewa. Toa agizo moja, kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi kabla hujalirudia, maana wengi wao wanalichakata neno taratibu, na ukirudia kwa maneno mengine umempa kazi ya pili juu ya ile ya kwanza. Hizo sekunde kumi zitakuwa ndefu kuliko unavyodhani. Vumilia. Na ukimwuliza "unataka maji?" naye akajibu "unataka maji", usimcheke wala usimsahihishe kwa ukali. Mara nyingi hiyo ndiyo "ndiyo" yake. Mpe maji, useme polepole, "nataka maji", aisikie inavyotakiwa kutoka kinywani mwake.

Jambo la kupima afya nitalipitia haraka, ingawa si dogo. Kabla hujamwita mtoto mkaidi, hakikisha anasikia. Maji yanayokaa nyuma ya ngoma ya sikio huja na kuondoka, kwa hiyo wiki hii anakusikia, wiki ijayo hakusikii, na watoto wenye Down sindromu, hali ya kuzaliwa nayo, hupatwa na hilo sana. Mtoto anayekodoa macho sekunde chache katikati ya sentensi, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kitu, anaweza kuwa haoti mchana. Kuna kifafa cha namna hiyo, kisicho na kuanguka wala povu. Wewe si daktari. Usimtajie mzazi jina la ugonjwa. Mweleze ulichokiona, mara ngapi, saa ngapi, umwombe ampeleke akapimwe. (Mwenzangu mmoja alitamka "usonji" kwenye kikao cha dakika kumi, na yule baba hakurudi tena.)

Usiwasahau ndugu. Yule binti wa miaka kumi na moja alikuwa na shule yake, na ile saa ya kuondoka ilimkatia kipindi cha mwisho kila siku. Sikuwahi kumwuliza habari yake hata mara moja, na hilo bado linaniuma.

Mama yake nilimpata mwishoni kwa simu. Sikuanza na kung'atwa kwa watoto. Nilimwambia kijana wake alivaa viatu mwenyewe, kushoto na kulia sawasawa, kisha nikamwuliza kuhusu sauti. Akanyamaza kidogo. "Mwalimu, hata nyumbani viti tunavibeba, hatuviburuti. Nilidhani mnajua."

Keshokutwa yake alikuja mwenyewe, na mfuko wa matambaa na vipande vya mpira wa tairi. Tukakaa sakafuni baada ya watoto kuondoka, tukaifunga miguu ya viti, mmoja baada ya mwingine, mwanawe akituletea kila kiti kwa kukibeba juujuu.